Pansit malabon: tambi nene za mchele zilizolowa maji ya kamba na mafuta ya kaa

Ufilipino, karibu kila mkoa una tambi zake, ambazo huitwa pansit. Huko Lucban, mkoani Quezon, tambi huwekwa juu ya jani la mgomba na kuliwa kwa mdomo moja kwa moja, bila uma wala kijiko. Tuguegarao, kaskazini kabisa, huzipika na nyama ya nyati wa kufugwa na yai juu. La Paz ya Iloilo huzitosa kwenye supu ya mifupa na matumbo. Malabon ni mji wa mito na mabwawa ya samaki kaskazini mwa Manila, jirani na Navotas yenye bandari kubwa ya uvuvi, na tambi zake ni za bahari tupu: kamba, ngisi, chaza, kaa, na samaki wa moshi aliyesagwa.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki atavipata viungo hivi bila taabu. Kigumu ni kuelewa ladha inatoka wapi. Wengi wanaopika pansit malabon kwa mara ya kwanza huchemsha maji, hutia kidonge cha supu, huongeza rangi ya chungwa, kisha hulifanya rojo zito kwa wanga. Hupata uji wenye rangi nzuri. Ladha ya chakula hiki imo kwenye vichwa vya kamba na kwenye mafuta ya ndani ya gamba la kaa. Hivyo viwili vikiwa sawa, hata ukikosa chaza au ngisi, mezani patakuwa na pansit malabon.

Usiichanganye na nduguye, pansit palabok. Palabok hutumia tambi nyembamba, na rojo lake zito humwagwa juu wakati wa kupakua. Ya malabon hutumia tambi nene, na rojo lake jepesi huchanganywa ndani ya tambi jikoni mpaka zilinywe. Kwa hiyo usipime uzito wa rojo kwa jicho la mtu anayepika mchuzi wa wali. Likiwa zito tangu mwanzo, halitaingia kwenye tambi.

Vya kununua, kwa watu sita hadi wanane

Tambi nene za mchele, kavu, gramu 500. Kamba wabichi wazima wenye vichwa, kilo 1. Kaa majike 3 walionona, wa gramu 400 hadi 500 kila mmoja. Ngisi gramu 300. Chaza waliotolewa kwenye makombe, gramu 200. Samaki wa moshi mmoja wa kadiri. Mayai 4. Kabichi ya Kichina nusu, au kabichi ya kawaida robo. Vitunguu saumu vichwa 2 vizima, kitunguu maji kikubwa 1, majani ya vitunguu fungu dogo. Mbegu za zingefuri vijiko 3 vya chakula. Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, robo tatu ya kikombe. Mchuzi wa samaki wa chupa, ule mwembamba wa rangi ya kahawia ambao Wafilipino huuita patis, vijiko 3 vya chakula. Pilipili manga. Ndimu 8.

Kamba wasio na vichwa usiwanunue kwa chakula hiki, hata wakiwa wakubwa na wanang'aa. Tazama kichwa: kiwe kimeshikana na mwili, kisiwe cheusi. Weusi ukianza pale kichwa kinapoungana na mwili, kamba amekaa siku nyingi, na juisi yake itakuwa chungu. Akinuka kama mkojo, mtupe. Hakuna ndimu itakayomwokoa.

Kaa jike anajulikana kwa kifuniko cha tumboni: cha jike ni kipana na cha mviringo, cha dume ni chembamba chenye ncha. Mafuta yanayotakiwa yako ndani ya gamba. Jike mwenye mayai yaning'iniayo nje, chini ya tumbo, usimnunue. Huyo aachwe baharini azae.

Mchuzi wa samaki hauna badala nzuri. Soya hubadilisha rangi na huleta ladha ya mkoa mwingine kabisa. Ukiukosa, tumia chumvi ya kawaida na ukubali kwamba kitu kimepungua.

Zingefuri

Rangi ya chungwa ya chakula hiki hutoka kwenye mbegu ambazo Wafilipino huziita atsuwete. Mti wake ulitoka Amerika ukafika Ufilipino zama za Wahispania, na jina lenyewe limetoka lugha ya Nahuatl ya Meksiko. Kwetu mti huo si mgeni. Zanzibar ni mzingefuri, ule unaopakwa midomoni mwa wageni kwenye mashamba ya viungo, na wakulima wa Kwale na Lamu huulima kama zao la kuuza kwa jina la biksa. Mbegu zinazofaa ni zile nyekundu nyangavu zinazoacha rangi kidoleni. Zilizofifia zikawa za udongo zimekaa juani au dukani kupita kiasi.

Tia mafuta nusu kikombe kwenye sufuria ndogo, weka mbegu zikiwa baridi pamoja na mafuta, kisha washa moto mdogo kabisa. Koroga. Baada ya dakika 3 hivi mafuta yatageuka mekundu na viputo vidogo vitaonekana kuzunguka mbegu. Zima hapo hapo, acha dakika 10, chuja. Mbegu zitupe, ni ngumu kama kokoto.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Rangi ya zingefuri haivumilii moto mkali. Mafuta yakianza kutoa moshi, wekundu hukatika na kuwa manjano ya kahawia, na uchungu huingia. Hakuna namna ya kurekebisha. Mwaga, anza upya. Ni mbegu vijiko vitatu tu, na ni nafuu kuliko kuharibu kilo ya kamba. Ukizikosa mbegu, tumia bizari ya manjano kwa ncha ya kijiko na si zaidi, kwa sababu harufu yake hupigana na kamba na chakula huanza kunuka mchuzi wa nazi.

Maji ya vichwa vya kamba

Osha kamba kwa maji baridi upesi, usiwalowanishe. Kata vichwa, menya maganda, toa utumbo mweusi wa mgongoni. Nyama iweke pembeni kwenye baridi. Kwenye kila kichwa kata ncha ya mbele pamoja na macho, ili kijifuko cha mchanga kilicho nyuma ya macho kitoke. Ukikiacha, rojo litakwaruza meno.

Twanga vichwa na maganda kwenye kinu mpaka viwe rojorojo la rangi ya kijivu na chungwa. Mimina vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu, finyanga kwa mkono, kisha kamua kwa kitambaa safi kama unavyokamua tui. Rudisha machicha kinuni, twanga tena, ongeza vikombe 2 vingine, kamua tena. Utapata takriban lita moja. Anayetumia blenda asisage kupita sekunde 20, na achuje mara mbili, kwani vipande vidogo vya ganda hupita kitambaani.

Tofauti na tui, hapa hakuna haja ya kutenga la kwanza na la pili. Changanya yote.

Maji haya mabichi huharibika haraka mno kwenye joto. Kama hutayapika ndani ya nusu saa, yaweke kwenye friji. Yasikae humo kupita saa chache.

Mafuta ya kaa

Malabon na miji jirani hutumia mafuta ya talangka, kaa wadogo wa matopeni, yaliyokamuliwa na kuhifadhiwa chupani. Ukiyapata kwenye duka la vyakula vya Asia, yatoshe vijiko 3, na mchuzi wa samaki upunguze uwe kijiko 1, maana ya chupa yana chumvi nyingi.

Vinginevyo tengeneza mwenyewe. Wapike kaa kwa mvuke dakika 12 hadi 15, waache wapoe, fungua gamba la juu. Matamvua, yale manyoya ya kijivu ya pembeni, yatupe. Ute wa manjano na vipande vigumu vya rangi ya chungwa vilivyo ndani ya gamba na katikati ya mwili vikwangue vyote kwa kijiko. Kaa watatu walionona hutoa vijiko 5 au 6. Nyama ya mwili na makucha itoe pia, itakwenda juu ya tambi. Kaanga punje 3 za kitunguu saumu zilizopondwa katika kijiko kimoja cha mafuta ya zingefuri, tia mafuta ya kaa na chumvi kidogo, pika moto mdogo dakika 3 ukiponda vipande vigumu kwa mgongo wa mwiko. Epua, ndipo ukamulie ndimu nusu. Ukitia ndimu ikiwa jikoni, mafuta hukatika na kuwa chembechembe.

Tambi

Roweka tambi katika maji baridi saa 4, au usiku kucha. Tambi nene isiyorowekwa hupikika nje ikabaki na kiini kigumu cheupe ndani. Ukiendelea kuichemsha ili kiini kiive, nje huvurugika. Kurowekwa ndiko kunakoleta ulinganifu.

Chemsha maji mengi, lita 5 kwa gramu 500, yakitokota kweli kweli. Tia tambi, koroga dakika ya kwanza zisishikane. Onja kuanzia dakika ya 8. Nyingi huiva kati ya dakika 10 na 15, lakini kila kiwanda kina unene wake, kwa hiyo liamini jino kuliko maandishi ya pakiti. Kata moja katikati: kitone cheupe kikiwa kimebaki kidogo sana, kama ncha ya sindano, ndipo pa kuzitoa. Zitamalizia kuiva kwenye rojo. Mwaga maji ya moto, pitisha maji baridi ukizisugua kwa mikono wanga wa juu utoke, acha zichuruzike kwenye chujio, kisha zipake kijiko kimoja cha mafuta ya zingefuri.

Usizivunje zikiwa kavu ili ziingie sufuriani. Wafilipino hula pansit siku za kuzaliwa kwa ajili ya urefu wake, ambao ni dua ya umri mrefu, na mwenye sherehe hatafurahi kuona zimekatwa. Zilizorowekwa hujikunja zenyewe.

Ukikosa tambi nene za mchele, tumia nyembamba, roweka dakika 15 tu kwenye maji ya uvuguvugu, na mwagia rojo juu badala ya kuchanganya. Hapo utakuwa umepika kitu kilicho karibu na palabok, ambacho ni chakula halali chenye jina lake. Spageti ya ngano usiipeleke huku. Haiwezi kulinywa rojo. Huvaa tu juu juu.

Vya juu

Kata vichwa viwili vya kitunguu saumu vipande vidogo vinavyolingana, ukibakiza punje 9 kwa kazi nyingine: zile 3 za mafuta ya kaa na 6 za rojo. Vitie kwenye robo ya kikombe ya mafuta yakiwa bado baridi, washa moto mdogo, koroga bila kuondoka. Vikianza tu kuwa na rangi ya majani makavu, vitoe, kwani huendelea kukaangika hata nje ya moto. Ukisubiri viwe vya kahawia, mezani vitakuwa vichungu.

Chemsha sufuria moja ya maji yenye chumvi na utumie hiyo hiyo kwa kila kitu, kwa mpangilio huu: kabichi iliyokatwa nyembamba, sekunde 30, kamba, dakika 2, mpaka wajikunje wawe wekundu, ngisi waliokatwa pete, dakika 1, si zaidi, la sivyo watakuwa mpira, chaza mwishoni, dakika 3 kamili maji yakitokota. Wapo wanaopenda chaza waliopitishwa tu kwenye maji ya moto kwa sababu hubaki laini, lakini chaza huchuja maji ya pwani pamoja na uchafu wake, na dakika tatu ni kinga ya tumbo. Maji haya usiyamwage. Kikombe chake kimoja kitafaa baadaye.

Samaki wa moshi mtoe ngozi na miiba, mpasue vipande, kisha mkaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta kwa moto mdogo huku ukimponda hadi awe kama unga mkavu. Malabon hutumia samaki wadogo wa baharini wenye mafuta. Vibua waliopigwa moshi wanafaa. Sato wa moshi anafaa pia, ingawa ladha yake ni ya matope kidogo. Aliyekaushwa kwa chumvi pekee bila moshi hafai, kwa kuwa moshi wenyewe ni kiungo.

Wafilipino huongeza ngozi ya nguruwe iliyokaangwa na kupondwa. Asiyekula nguruwe hapungukiwi na kitu cha lazima: ngozi ya samaki mkubwa, ikikaushwa vizuri kwa kitambaa, ikapakwa chumvi na kukaangwa kwenye mafuta mengi, hulialia vilevile mdomoni na inaendana na chakula cha bahari kuliko hata hiyo ya asili.

Rojo

Weka karai pana jikoni, moto wa kadiri, mafuta ya zingefuri vijiko 4. Kaanga kitunguu maji kilichokatwa vidogo hadi kilainike, ongeza punje 6 za kitunguu saumu zilizopondwa, nusu dakika. Tia mafuta ya kaa, koroga hadi yatoe harufu. Tia mchuzi wa samaki vijiko 2 pembeni mwa karai ili upige moto kabla ya kuungana na vingine. Harufu yake kali hupungua hapo. Sasa mimina maji ya kamba.

Kuanzia hapa usiache kukoroga, na usiruhusu yachemke kwa fujo. Maji ya vichwa yana utomvu wa nyama unaoganda kama yai. Yakipata moto taratibu huku yanakorogwa, hufanya rojo jepesi lenye mng'aro. Yakichemshwa kwa pupa, huganda vibonge, na chini hubaki maji. Likikukatikia, epua, lisage kwa blenda au lipitishe kwenye chujio, lirudishe moto mdogo. Litapona kiasi.

Litokote pole pole dakika 12 hadi 15, mpaka lita moja ipungue iwe vikombe 3. Povu la kijivu la mwanzo litoe. Onja sasa, ndipo uamue kuhusu kijiko cha tatu cha mchuzi wa samaki. Liwe na chumvi zaidi kidogo kuliko unavyopenda, kwa sababu tambi hazina chumvi na zitaivuta. Pilipili manga nyingi.

Uzito: chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki sekunde mbili kisha ukafunga, liko sawa. Likiwa kama maji kabisa, koroga kijiko 1 cha wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kopo na si unga wa ugali, katika vijiko 3 vya maji baridi, mimina kidogo kidogo, pika dakika 2. Usizidishe. Wanga huendelea kukaza rojo likipoa, na pansit iliyotiwa wanga mwingi baada ya nusu saa huwa bonge linalokatwa kwa kisu.

Kuchanganya

Tambi zilizopoa hazichanganywi zikiwa baridi. Ziweke kwenye chujio, zitumbukize kwenye maji yanayotokota sekunde 20 ukitikisa, zitoe, zikung'ute maji sana. Zitie kwenye karai la rojo, moto mdogo, na uchanganye kwa miko miwili ukiinua kutoka chini kwenda juu, kamwe usikoroge kwa kuzungusha, maana kuzungusha hukata tambi. Dakika 3 hadi 4. Mwanzoni itaonekana kama supu, vumilia. Kisha utaona rojo linapungua chini ya karai na tambi zinageuka kutoka nyeupe iliyopakwa rangi kuwa chungwa hadi ndani. Kata moja uhakikishe. Zikikauka kabla ya kuiva, ongeza yale maji ya kuchemshia kamba, robo kikombe kwa mara. Tia ndani kabichi, nusu ya samaki wa moshi na nusu ya nyama ya kaa.

Pakua mara moja. Wao hutumia bilao, ambayo ni ungo kama wetu, uliotandikwa jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto ili lisipasuke. Sambaza tambi ziwe tambarare, unene wa vidole viwili. Juu panga kamba, ngisi, chaza, nyama ya kaa iliyobaki, mayai yaliyochemshwa na kukatwa pete, samaki wa moshi, ngozi iliyopondwa, majani ya vitunguu, na vitunguu saumu vya kukaanga mwisho kabisa ili visilegee.

Ndimu hukamuliwa na mlaji mwenyewe kwenye sahani yake. Wafilipino hutumia kalamansi, tunda dogo ambalo uchachu wake una harufu ya chenza. Ukitaka kulikaribia, changanya maji ya ndimu sehemu mbili na ya chenza sehemu moja. Bila uchachu huo mafuta ya kaa hukinaisha kwenye kijiko cha tano.

Chakula hiki hakingoji. Kwenye joto la pwani kisikae nje zaidi ya saa moja. Kilichobaki kiwekwe kwenye friji, chaza wakiwa wametolewa na kuliwa kwanza, na kiishe kesho yake. Tambi zitakuwa zimekakamaa. Hiyo ni kawaida ya wanga wa mchele ukipata baridi. Usizipashe zikiwa kavu. Nyunyizia maji vijiko 3 kwa kila sahani, funika, pasha moto mdogo hadi moshi utoke katikati, ndipo uongeze vitunguu saumu vipya na ndimu.